Ungo Alionirudishia Bibi

Hotuba kwa wazazi na wahitimu wa kidato cha nne, Tanga

Assalamu alaykum. Bwana Yesu asifiwe. Tumsifu Yesu Kristo. Wazazi wenzangu, walimu, na nyinyi wanangu mnaohitimu leo, habari za asubuhi.

Nimeombwa nizungumze na vijana kuhusu maisha. Mimi nimefundisha Sayansikimu kwa miaka 31, na nimeshakula chumvi ya kutosha, lakini sikuja na orodha ya mawaidha. Nitawapeleka jikoni. Huko ndiko nilikojifunza maana ya kuaminiwa, na nilijifunza nikiwa mdogo kuliko yeyote kati yenu hapa.

Bibi yangu mzaa mama alikuwa anakaa Muheza. Nilipelekwa kwake nikiwa na miaka saba. Wakati huo macho yake yalikuwa yameanza kufunga kwa mtoto wa jicho. Mwanga aliuona, sura za watu hakuziona. Sisi wajukuu alitutambua kwa mwendo. Lakini jiko lilikuwa lake. Alikaa juu ya mbuzi akakuna nazi, akigeuza kifuu kwa kiganja, na kwa mlio wa yale meno ya chuma tu alijua amekaribia gamba, akaacha kabla tui halijachafuka. Machicha aliyakamua kwenye kifumbu mpaka yakawa makavu kama pumba za mbao. Chungu cha wali alikisikiliza. Aliinamisha kichwa, akasema, "Bado, huu una maji," au akasema, "Palia makaa sasa." Sikumbuki siku aliyokosea.

Kazi moja tu ndiyo iliyomshinda: kuchagua mchele. Mchele wa siku zile haukuwa huu wa mifukoni uliopita mashineni. Ulikuja na chuya, na pumba, na vijiwe vyeupe ambavyo hata mwenye macho mazima huvidhania punje. Basi akaniita, akanipa ungo mikononi, akasema, "Wewe ndiye macho yangu. Utakachonipa ndicho nitakachotia chunguni."

Nikawa mchagua mchele wa nyumba ile. Unapeta kwanza, pumba ziruke. Kisha unakaa kizingitini mwanga uingie, unausogeza mchele kwa kidole, kidogo kidogo, kutoka ubavu huu wa ungo kwenda ubavu ule. Kila fungu unalitazama kabla ya kulivusha. Ni kazi ya polepole, na mtoto wa miaka minane haipendi.

Siku moja wenzangu walikuwa wanacheza rede nje, na kelele zao zinaniita. Nikavusha mchele kwa viganja badala ya kidole, nikampa Bibi, nikakimbia.

Jioni tuko kwenye mkeka, tunakula kwenye sinia moja, babu akauma jiwe. Ule mlio ninausikia mpaka leo. Kila mkono ukasimama. Babu akatema kiganjani, akatazama: jiwe, na kipande cha jino lake la pembeni. Bibi akauliza, "Nani?" Babu akajibu, "Mimi." Bibi akaugeuza uso kuelekea upande niliokaa. Hakusema neno. Babu naye akasukutua, akarudi, akaendelea kula kwa upande wa pili wa mdomo.

Usiku ule sikulala. Nilijua kabisa kwamba kesho ungo utakwenda kwa binamu yangu, aliyenizidi miaka minne na aliyekuwa mtulivu. Nilikuwa nimeshakubali.

Kesho yake, karibu na adhuhuri, Bibi akaita jina. Akaita jina langu. Nilipofika alikuwa ameshaushika ungo, una mchele wa gunia lile lile. Akaninyooshea. Hakunionya, hakunikumbusha jino la babu, hakumwambia binamu aje akague nyuma yangu. Alisema tu, "Chagua, moto unawaka."

Siku ile nilichagua mchele ule mara tatu.

Wazazi wenzangu, nimelifikiria jambo hili kwa zaidi ya miaka hamsini. Lau Bibi angenichapa, ningelia nikasahau. Watoto wa siku zile tulichapwa kwa mambo mengi na mengi yao siyakumbuki. Lau angempa binamu ungo, ningejiona mzembe, na pengine ningeuishi uzembe huo mpaka leo. Kumpa mtu ungo mara ya kwanza si kazi kubwa, hujamjua bado. Bibi alinipa baada ya jino kuvunjika. Na babu, ambaye jino lilikuwa lake, alikaa mkekani jioni ya pili, akasema bismillahi, akatia tonge mdomoni bila kulipekua. Hakuna cheti nilichowahi kupewa kilichonifanya nijione mtu kama lile tonge.

Sasa huenda kuna kijana hapa anasema, mwalimu, haya ni mambo ya wali tu. Hapana, mwanangu. Anayekula chakula cha mwenzake amemkabidhi uhai wake. Nitatoa mfano wa chakula chetu wenyewe.

Sisi watu wa Tanga ni walaji wa bada, ugali wa unga wa muhogo. Na mnajua kuna muhogo mtamu na muhogo mchungu. Ule mchungu una viini ambavyo, mzizi ukikatwa au kusagwa, hutoa sayanidi, sumu kali. Mabibi zetu hawakuwahi kulisikia neno sayanidi, lakini walijua kuloweka, kuvundika, kumenya, kuanika juani siku kadhaa, kisha kutwanga. Walijua kwa kunusa na kwa kuuvunja muhogo kwa vidole kwamba huu sasa unalika.

Mwaka 1938 daktari mmoja aitwaye Trolli aliandika kuhusu ugonjwa aliouona Kwango, katika Kongo ya Wabelgiji, ambao wenyeji waliuita konzo. Mtu mwenye afya yake anakakamaa miguu ghafla, pengine ndani ya siku moja, na haimrudii tena kama zamani. Wanaoumia zaidi ni watoto na akina mama. Mwaka 1981 ugonjwa huo uliwapata watu zaidi ya 1,000 katika jimbo la Nampula, Msumbiji, wakati wa ukame. Mwaka 1985 ukaonekana hapa kwetu, Tarime. Watafiti walipofuatilia, walirudi palepale: jikoni. Ukame uliua mazao mengine ukaacha muhogo mchungu, njaa ikawabana watu, na siku za kuloweka na kuanika zikafupishwa. Maharage na samaki, ambavyo vingeusaidia mwili kuitoa ile sumu, havikuwepo.

Simlaumu mama yeyote aliyefupisha zile siku huku watoto wanalia. Ninachotaka mkione ni hiki: nchi nzima zimelishwa muhogo mchungu kizazi baada ya kizazi, na hakuna askari aliyesimama kando ya mtungi kuhesabu siku. Alikuwepo mwanamke, maji, na neno lake: "Huu tayari." Wengine wote wakala kwa neno hilo.

(Kwa wale wenye unga wa muhogo nyumbani na wasiwasi nao, iko njia rahisi inayofundishwa siku hizi. Loanisha unga kwa maji, utandaze uwe tabaka jembamba, uache kivulini kwa muda wa saa 5 au juani kwa muda wa saa 2, sumu ipotelee hewani. Kisha songa bada lako siku hiyohiyo.)

Mwanangu wa kiume alipoanza chuo Dar es Salaam alinipigia simu saa tatu usiku. Walikuwa wamekodi chumba wanne, na zamu yake ya kupika imefika. "Mama, maharage mekundu yanapikwaje?" Nikamwambia ayaloweke usiku kucha, maji yale ayamwage, atie mengine, yatokote kwa nguvu si chini ya dakika 10 ndipo apunguze moto. Maharage mekundu yakiachwa kwenye moto hafifu bila kutokota, sumu yake ya asili haifi, na walaji watatapika. Nikamsikia anarudia maneno yangu polepole, anaandika. Kijana ambaye nilikuwa nambembeleza aokote soksi zake, sasa anaandika dakika 10 kwa sababu wenzake watatu wamelala wakimtegemea. Nilifurahi kuliko nilipoona matokeo yake ya mtihani, nawaambia kweli.

Na ninaposema vijana, nasema wa kiume pia. Katika miaka yangu ya kufundisha nimeona wavulana wengi wakisimama dirishani mwa darasa la mapishi, wanatazama kwa hamu, wakiona haya kuingia. Tuliwanyima kitu. Mvulana ambaye hajawahi kupikia watu hajui bado jinsi inavyokuwa kusubiri sura ya mlaji ibadilike.

Mama yangu yeye aliniachia somo jingine, la Ramadhani. Wapo wapishi wanaoonja kwa ncha ya ulimi na kutema, na masheikh wanaruhusu kukiwa na haja. Mama yangu hakutaka hata hilo. Alipika futari nzima, mihogo ya nazi, magimbi, kunde, bila kuonja chochote. Chumvi aliifinya kwa vidole vitatu, akaipima uzito kiganjani, akaitia, akainama kunusa mvuke. Adhana ya magharibi ikilia, tunakula tende, tunakunywa maji, halafu inakuja ile mara ya kwanza mtu anatia chakula mdomoni. Mama alikuwa hatutazami. Alikuwa anatazama chini, anakunja kanga yake.

Jioni moja chakula hakikuwa na chumvi hata chembe. Alikuwa amesahau kabisa. Baba akala tonge la kwanza, akasema alhamdulillahi, akala la pili. Dada yangu mkubwa akanyanyuka kimya, akaenda jikoni, akaleta kikopo cha chumvi, akakiweka katikati ya mkeka. Hakumwekea baba wala mama, alikiweka katikati. Kila mtu akachukua kidogo. Mama naye akachukua. Mazungumzo yakaendelea.

Jirani zetu walikuwa Wakristo, ukuta wao na wetu mmoja. Kila Ramadhani, kabla ya adhana, sahani ilikwenda kwao, na kama mnavyojua sahani ya jirani hairudi tupu. Krismasi ilirudi na pilau. Sikuwahi kumsikia Mama akiuliza nyama imechinjwa na nani. Nilipokua nilimuuliza kwa nini, akaniambia, "Wanajua sisi nani." Na ni kweli, baadaye yule mama jirani alinieleza kwamba kila Krismasi alikuwa anatembea mpaka kwenye bucha fulani, ya mbali, kwa ajili ya sahani ile moja. Hakuwahi kutuambia. Mama hakuwahi kuuliza. Miaka yote ile mzigo ulibebwa pande zote mbili za ukuta, na mtu hakutamka.

Sasa niseme na wazazi kidogo, vijana mtanivumilia.

Wali wa nazi na mchuzi wa nazi vinatoka katika nazi ileile, lakini havipikwi kwa tabia moja. Tui zito likishaingia kwenye mchuzi, huna ruhusa ya kuondoka. Unashika upawa, unateka, unamimina, unateka, unamimina, mpaka litokote. Ukigeuka kumjibu mtu mlangoni, limekatika: mafuta kule, maji huku, na halirudi. Wali ni kinyume chake. Ukishakauka juu, unapunguza moto wa chini, unafunika, unaweka makaa juu ya kifuniko, na tangu hapo mkono wako hauna kazi. Mvuke ndio unaopika. Ukifunua kila dakika kuchungulia, mvuke unakimbia, na wali utaupakua una kiini. Leo wengi tunapikia gesi, na ni jambo jema. Macho na vifua vya mama zetu vimeteseka sana kwa moshi, na taifa limejiwekea lengo kwamba ifikapo 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ya kupikia. Lakini gesi au mkaa, kifuniko ni kilekile.

Ninachokiona kwetu wazazi ni kwamba tumebadilisha. Mtoto akiwa mdogo, wakati wa tui, wakati ambao anataka tumtazame na kumgeuza kila saa, tunamwachia simu na televisheni tunaenda zetu. Akifika miaka 17, tumeshamtia kila tulichokuwa nacho, wakati wa kufunika umefika, ndipo tunaanza kufunua. Tunapekua simu yake, tunapekua begi lake, tunampigia rafiki yake kuhakikisha. Halafu tunashangaa mbona hajaiva.

Nasema haya kwa uchungu kwa sababu mimi mwenyewe nilifunua.

Binti yangu alikuwa na miaka 13. Siku hiyo tulikuwa na wageni wa heshima, wakwe wa dada yangu. Nilimwambia leo wali wa nazi utaupika wewe. Alifurahi, alikuna nazi tangu asubuhi. Nami nikasimama mlangoni kumtazama. Nikamwona anatia chumvi, mkono wake ukaonekana mzito machoni pangu. Nikaingia, nikamnyang'anya mwiko mbele ya mashangazi zake, nikamwambia, "Toka, utaniaibisha."

Akatoka. Nikaonja. Chumvi ilikuwa sawasawa.

Sikumfuata. Wageni walikuwa wamefika, kulikuwa na kupakua na kukaribisha, nikajiambia nitamwambia baadaye. Sikumwambia. Na tangu siku ile mpaka anaolewa, binti yangu hakupika wali nyumbani kwangu. Alichota maji, alifua, aliosha vyombo, alifagia uwanja wote. Sufuria ya wali hakuigusa. Mimi, mjukuu wa yule bibi wa Muheza, mwalimu wa mapishi wa watoto wa watu, nilimnyima mwanangu kitu ambacho mimi nilipewa huku nimevunja jino la mtu, ilhali yeye hakuwa amekosea lolote.

Nilimwomba radhi akiwa na miaka 26, amekuja kunitembelea na mtoto mgongoni. Akasema, "Mama, yale nilishasahau." Lakini alipolisema hilo alikuwa anamfunga mtoto kanga upya, kanga ambayo haikuwa imelegea. Niliona. Tukakaa kimya kidogo, kisha tukazungumza mambo mengine.

Vijana wangu, mnatoka hapa leo. Wengine mtapata kidato cha tano, wengine ufundi, wengine biashara ya familia. Mtapewa funguo za duka, mtapewa pesa za watu mzipeleke benki, mtapewa mgonjwa mumwangalie usiku. Mtakosea. Nawaombea mkutane na mtu kama Bibi yangu siku mtakayokosea. Na akikunyooshea ungo kesho yake, usijikunyate ukasema mpe mwingine. Upokee. Kaa pale penye mwanga.

Nimalizie na la mwezi uliopita.

Mwaka huu daktari ameniambia nami nina mtoto wa jicho, jicho la kushoto. Si kama zama za Bibi, siku hizi kuna upasuaji, na nasubiri zamu yangu. Nilikwenda kumtembelea binti yangu Korogwe. Alikuwa na wageni siku hiyo, wazee wa upande wa mume wake, na alikuwa ameletewa mchele wa Mombo, kutoka shambani moja kwa moja, wenye chuya na kila kitu. Nikasikia anapeta uani. Kisha akaja barazani, akaniwekea ungo mapajani.

Nikamwambia, "Mwanangu, macho yangu haya unayajua."

Akasema, "Mlangoni pale ndipo penye mwanga mzuri, Mama."

Nikasogea mlangoni. Nilichukua muda mrefu. Nilisikia nazi inakunwa, nikasikia kuni zinavunjwa, hakuja kuniharakisha. Nilipomaliza nilimwita. Akaja, akaupokea ungo, akaumimina mchele kwenye beseni la kuoshea. Hakuutazama.

Nilikuwa nimeurudia mara tatu.

Ahsanteni kwa kunisikiliza.